Siku Paa la Yuliana Lilipovuja

Yuliana hakuwa mwanamke wa kuchekwa akanyamaza, lakini mwaka ule alinyamaza. Walimcheka mtoni, walimcheka kwenye maharage, walimcheka hata nje ya kanisa misa ikiisha, na waliocheka zaidi ni walewale aliowagawia mbegu msimu uliopita. Kisa ni binti yake, Maria. Miaka mitano Yuliana alimpandisha mtoto yule mlima kwenda shule ya masista, mvua na utelezi visimzuie, na mtoto akatoka huko na lugha mbili kichwani, Kifaransa na Kiingereza, wakati nchi yote kuanzia pwani mpaka kwenye maziwa aliitawala Mdachi, yaani Mjerumani.

"Amefunzwa kuongea na watu wasiokuwepo," walisema wenzake, na Yuliana akainamia jembe lake.

Tusimlaumu bure. Lugha hizo hakuzichagua yeye. Misheni ile ilikuwa ndogo, mwendo wa asubuhi moja kutoka Matombo, na walimu wake walikuwa masista wawili tu. Sista Klementina alikuwa Mfaransa, mnene, mwepesi wa kucheka. Sista Brijita alitoka visiwa vya Waingereza, mwembamba, na macho yake yalimwona mtoto anayechokonoa pua hata akiwa amempa mgongo. Kila mmoja aliona lugha yake ndiyo inayofaa, na kwa kuwa walipendana hawakutaka kugombana, wakaigawa siku. Asubuhi ilikuwa ya Kifaransa. Saa sita kengele ikilia, Kifaransa kinawekwa chini na Kiingereza kinaanza, hata kama hadithi imefika katikati. Mtoto aliyechanganya hakupigwa. Aliambiwa alisimulie jambo lilelile upya, kwa lugha ya pili, mpaka wenzake wamwelewe.

Na ruhusa ya kumpeleka Maria huko haikupatikana kirahisi. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno la mwisho juu yake ni mjomba. Baba yake Maria, Stefano, mtu mpole wa ukoo mwingine, alipoulizwa alijibu kama wanavyojibu waume wote wenye busara: "Kamuulize shemeji." Shemeji mwenyewe ndiye Kasiani, kaka yake Yuliana, pande la mtu lililobeba mizigo ya watu milimani tangu ujana, na lenye sauti ya kuvuka mabonde mawili. Yuliana alimsumbua Kasiani msimu mzima. Alimsumbua wakati wa kupanda, akamsumbua wakati wa kupalilia, na maharage yalipoanza kukauka Kasiani akachoka.

"Mpeleke basi," alisema. "Lakini akirudi hajui kushika jembe, utanitambua. Na hizo kelele za ndege kwezi asizilete nyumbani kwangu."

Maria alirudi anajua kushika jembe. Alirudi na mengine pia, ambayo Yuliana aliyaona kidogokidogo. Watoto wengine wakiulizwa jambo hujibu upesi au hukimbia, lakini Maria alinyamaza kwanza, akaligeuza, kisha akajibu kwa namna ambayo hata bibi kiziwi alielewa. Majirani wakigombana yeye husema, "Nadhani anachotaka kusema ni hiki," na mara nyingi ni kweli ndicho. Hakuogopa kutoelewa. Mtu akimsemesha kwa lugha asiyoijua, Mngoni au Mkami au Mhindi wa duka, alitega sikio na kungoja, wala hakuona haya. Yuliana hakujua kusoma hata herufi moja, lakini aliliona hilo na likampendeza, akawa analiweka moyoni bila kumwambia mtu.

Kisha ikaja amri kutoka juu kwamba shule zifundishe Kiswahili na Kidachi basi. Sista Klementina akahamishwa, Sista Brijita akahamishwa, kengele ikanyamaza, akaja sista mmoja Mdachi, mwema tu, aliyejua dawa kuliko maneno. Hapo ndipo kicheko kilipoanza. Kasiani naye hakuachwa nyuma.

"Miaka mitano, Yuliana," alisema, amekaa mlangoni kwa dada yake anakula ndizi zake. "Miaka mitano ningekuwa na mtu wa kufukuza ngedere shambani."

Yuliana aliumia. Aliumia kwa sababu aliyesema ni Kasiani.

Mwaka huohuo Maria akavunja ungo, akawekwa ndani. Mwali wetu hatoki nje, haonwi na wanaume, hasemi kwa sauti. Anakaa kwenye giza la nyumba, anafundwa, anang'aa ngozi, na mwenye kumtoa ni mjomba wake tu, siku ambayo yeye mwenyewe ataipanga. Mwangalizi wa Maria alikuwa Chausiku, mdogo wa mama yake Yuliana, bibi mwenye fimbo, mwenye meno manne yaliyobaki, na asiyelegeza kamba kwa mtu yeyote. Miezi minane ikapita. Maria alisuka mikeka, na sauti yake Yuliana akaanza kuisahau.

Masika yalipokuwa yanaisha wakaja wazungu wawili wageni. Mmoja alikuwa Mfaransa, mzee, aliyechuma majani na kuyabana kwenye makaratasi. Watu wakamwita Bwana Majani. Wa pili alikuwa Mwingereza, kijana, mwenye kutafuta ndege. Akawa Bwana Ndege. Walipendana, lakini kila mmoja alijua lugha ya mwenzake kwa kiasi cha kuomba chumvi, na yaliyobaki waliyamaliza kwa mikono. Kasiani akachukuliwa mpagazi.

Wakafika mto Ruvu ukiwa umejaa. Bwana Ndege na wapagazi wengine walikuwa wametangulia kuvuka kivuko cha juu, yeye akifuata ndege fulani wa kijani. Bwana Majani akabaki nyuma na Kasiani, akapanda mgongoni kwake, na katikati ya mto maji yakamfika Kasiani kifuani. Jiwe likateleza chini ya mguu wake. Hakumwachia mzee. Ng'ambo, Bwana Majani alikaa chini anatetemeka, halafu akavua kioo chake shingoni, kile cha kukuzia majani, cha shaba, chenye kamba ya ngozi, akamvika Kasiani kwa mikono yake mwenyewe.

Usiku huo mzee akashikwa na homa kali, asijitambue. Wakambeba wakamlaza misheni. Bwana Ndege, roho juu, akakimbilia Morogoro kutafuta dawa, na wapagazi pamoja naye. Huko, Jumamosi, akamwona Kasiani sokoni amekaa na watu wamemzunguka, anawaonyesha mguu wa siafu kwa kioo cha rafiki yake mgonjwa. Akapiga kelele mwizi.

Habari ililetwa Jumatatu asubuhi na Salehe, jirani aliyekuwa Morogoro kuuza magimbi.

"Amefungwa mnyororo," alisema, hata kukaa hakukaa. "Kesi Alhamisi. Kasiani anasema kapewa, Bwana wa boma anamuuliza nani aliona, hakuna aliyeona. Ni viboko hamsa-ishirini, Yuliana, halafu apelekwe pwani na mnyororo wake. Wanaopelekwa pwani unawajua. Umemwona yupi amerudi?"

 Yuliana alifunga kanga yake vizuri, akaondoka mbio kwenda misheni.

Homa ilikuwa imempa Bwana Majani nafasi. Alikuwa amelala macho wazi, mweupe, hawezi hata kuketi, lakini akili zimerudi. Yuliana akasema, "Kasiani," akakutanisha mikono yake kama iliyofungwa. Mzee akaelewa jina, akatabasamu, akajigusa mgongo, akajigusa jicho. Kisha akaiona mikono ya Yuliana vizuri na tabasamu likamtoka. Akaanza kusema. Akasema maneno mengi, mbiombio, na machozi yakamlengalenga. Sista Mdachi akatikisa kichwa kwa huzuni. Hakujua hata moja. Yuliana alisimama pale na ushahidi wote wa kumwokoa ndugu yake ukimwagika mbele yake, asiweze kuokota hata tone, na ndipo akawaza giza la nyumba yake na aliyekuwa amekaa ndani yake.

Chausiku alimsikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni.

"Haiwezekani," alisema. "Mwali hatolewi ila na mjomba."

"Mjomba amefungwa, mama mdogo."

"Basi akifunguliwa atamtoa."

"Hafunguliwi mpaka mwali aseme!"

"Usinipigie kelele. Nimesikia." Chausiku aliegemea fimbo, akalitazama paa la nyumba. Yuliana alimchukia wakati ule, nasema kweli, alimchukia kabisa. Alikuwa tayari kuuvunja mlango na kumtoa mtoto kwa mikono yake, ukoo uje umtenge ukitaka. Lakini alijua pia kwamba Kasiani akitoka kifungoni akute mwali wake ametolewa kiholela, na mkosi umeangukia nyumba, hatamsamehe maisha.

"Paa lako halivuji?" aliuliza Chausiku ghafla.

"Paa?" Yuliana alidhani uzee umemzidi. "Halivuji. Stefano kaliezeka mwaka jana."

"Kwa sababu mwali ambaye nyumba yake inavuja," alisema Chausiku akitazama mbali, "huhamishwa. Anafunikwa kaniki gubigubi, anashikwa mkono na mwangalizi wake, anapelekwa penye paa zima. Huko si kutolewa. Ni kuhamishwa. Mimi mwenyewe nilihamishwa mara mbili."

Akainuka. Akaingia ndani, akapandisha fimbo yake, akaichoma kwenye nyasi mpaka ikatokea upande wa pili, akaichezesha kulia na kushoto. Mwanga mwembamba ukashuka ukamwangukia Maria usoni.

"Sasa linavuja," alisema Chausiku. "Kalete kaniki."

Basi wakahama. Mbele alitangulia Salehe na fimbo, akipiga ukelele wanaume wapishe njia. Nyuma yake Chausiku, amemshika mkono mtu aliyefunikwa kaniki nyeusi kutoka utosini mpaka vidoleni. Nyuma yao Yuliana na ndizi za njiani. Walipita kwanza misheni. Bwana Majani alipoona kaniki inaingia alishtuka, na kaniki ilipomwamkia kwa Kifaransa akalia waziwazi. Wakaongea kitambo. Maria aliuliza, mzee akajibu, Maria akauliza tena. Mwisho mzee akaomba karatasi, akaandika, akaliingiza karatasi lile chini ya kaniki kwa heshima, bila kuchungulia.

Kutoka pale mpaka Morogoro ni siku mbili za kupanda na kushuka, na mwali hawezi kuona mbele. Aliona vidole vyake tu na miguu ya Chausiku. Alijikwaa mara ngapi sijui. Hakulalamika hata mara moja. Yuliana aliomba Salamu Maria njia nzima, na kila alipofika mwisho akaanza upya.

Alhamisi baraza la boma lilikuwa limejaa. Bwana wa boma, Mdachi, alikaa mezani, mchovu, mwenye Kiswahili kizuri na subira kidogo. Pembeni Bwana Ndege, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kasiani alikuwa amekaa chini na chuma shingoni, na lile pande la mtu lilionekana limepungua. Alipoona kaniki inapanda ngazi za boma alifumba macho kama aliyepigwa.

Askari mmoja akasogea. "Mfungue uso huyo."

Chausiku akampima kwa macho. "Mwanangu, ukiigusa nguo hiyo, mimi nitaivua yangu. Hapahapa, mbele yako."

Askari alikuwa na mama yake kwao. Alirudi nyuma hatua tatu.

"Nini hii?" aliuliza Bwana wa boma.

"Ni mwali, bwana," alisema Yuliana. "Ana maneno na yule pale." Akamwonyesha Bwana Ndege kwa kidevu.

Bwana wa boma akapunga mkono wake, waseme upesi.  Kaniki haikusema. Yuliana akaanza kuhesabu. Miezi minane mtoto hajapaza sauti! Mwaka mzima na zaidi kengele haijalia! Kama ulimi umesahau je? Kama ni kweli walivyosema mtoni, kwamba alimpoteza mtoto bure, na sasa anampoteza na ndugu?

Halafu kaniki ikavuta pumzi, na Kiingereza kikatoka.

Bwana Ndege aligeuka nusura aanguke na kiti. Maria akasoma karatasi, mstari mmoja kwa Kifaransa, kile cha puani, kisha uleule kwa Kiingereza, kile cha kutafunwa, bila haraka, hatua kwa hatua, kama alivyozoeshwa: simulia jambo lilelile mpaka mwenzako aelewe. Yuliana hakuelewa neno, lakini alijua kila mara lugha ilipobadilika, na kila ilipobadilika moyo wake ulipanda kidogo. Bwana wa boma akainua mkono.

"Kasichana ka mlimani," alisema kwa Kiswahili. "Nitajuaje hajatunga?" Akalichukua karatasi, akalitazama, akalirudisha, Kifaransa hakukijua.

Yuliana alisikia Bwana Ndege anauliza jambo. Kaniki ikanyamaza kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake, kisha ikajibu kwa sauti ya chini. Uso wa Bwana Ndege ukawa mwekundu mpaka masikioni. Akafunika mdomo. Halafu akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyekuwa na hofu wiki nzima, mpaka machozi yakamtoka.

Ilikuja kufahamika baadaye. Karatasini, kama alama ya kuaminiwa, mzee aliandika kwamba siku ya mto rafiki yake, akimfukuza yule ndege wa kijani, aliteleza akakaa kitako kwenye tope la nguruwe pori, akamwapisha Bwana Majani asimwambie mtu duniani. Aliyeona ni Bwana Majani peke yake, toka ng'ambo. Maria alikuwa ameuruka mstari huo kwa adabu. Alipotakiwa ushahidi, akausema.

Bwana Ndege akasimama. Akamwambia Bwana wa boma alichomwambia, kwa Kiingereza cha polepole ambacho mwenzake alikijua kiasi, akajigonga kifua, akamwendea Kasiani pale chini na kumpa mkono. Bwana wa boma akaguna. Akaashiria, na chuma kikafunguliwa. Kioo akakiokota mezani Bwana Ndege mwenyewe, akamrudishia Kasiani.

Yuliana alikaa chini palepale kwenye sakafu ya boma.  Alicheka huku analia, na hakujali nani anamwona.

Kasiani akaja mbele yake anasugua shingo. Unadhani alishukuru?

"Nani kamtoa mwali wangu?" alinguruma, na sauti ya mabonde mawili ikawa imerudi.

"Hajatolewa," alisema Chausiku. "Kahamishwa. Nyumba ilikuwa inavuja."

"Inavuja tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Kasiani akamtazama Chausiku, akaitazama fimbo yake, akaitazama kaniki iliyosimama pale na karatasi limetokeza mkononi.  Akageuka upande wa mlima, akasimama hivyo mpaka alipoweza kusema tena.

"Basi tukamrudishe," alisema. "Paa nitaliziba mimi."

Njiani alitembea nyuma ya kaniki, mzigo wote kaubeba yeye, na kila penye jiwe au mzizi alisema, "Inua mguu, mama." Bwana Majani alipona, akaenda zake na majani yake. Baada ya mavuno Kasiani alimtoa mwali kwa ngoma ya siku mbili, akamvika kioo cha shaba shingoni mbele ya ukoo mzima, na kule mtoni hakuna aliyecheka tena.

Lakini ninalolipenda mimi ni la baadaye. Siku moja Kasiani alikuja kwa dada yake na jembe kuukuu lisilo na mpini. Akakaa mlangoni, akala ndizi, akazungukazunguka.

"Theresia ana miaka mingapi?" aliuliza. Theresia ni mdogo wake Maria.

"Saba inaingia."

"Na wale masista hawarudi."

"Hawarudi, kaka."

Kasiani akalifunga jembe kwa kamba, akalitundika kwenye mti wa fenesi nyuma ya nyumba. "Maria amfundishe yeye. Na wa Salehe, na yeyote atakayetaka kuleta wake. Asubuhi kile cha puani, mchana kile kingine. Asichanganye." Akakohoa. "Wengine tusichokijua tunakiita kelele za kwezi."

 Tangu siku hiyo, jua likifika utosini, popote alipokuwa Kasiani aliacha kazi yake akaja kuligonga jembe mwenyewe kama kengele, asikubali mtu mwingine aliguse. Na Yuliana kule kwenye maharage alinyoosha mgongo, akasikiliza watoto wakikatisha sentensi katikati na kuanza upya kwa lugha ya pili, mpaka waeleweke.